Ni Fundi Tu

12 Januari

Mdogo wangu Chiriku,

Pokea salamu nyingi, wewe na shemeji na huyo mtoto ambaye mpaka leo namjua kwa picha. Sisi huku hatujambo. Mvua imenyesha wiki nzima na bati la jikoni limeanza tena kuvuja palepale. Nimetega sufuria, maisha yanaendelea. Mama jirani, yule wa cherehani, anakusalimu. Anauliza kama bado unaongea bila kupumua. Nimemwambia siku hizi wanaoumia ni wateja wa duka la dawa.

Najua utasema si ningepiga simu. Chiriku, kwenye simu wewe unalia na mimi nasema "sawa, sawa" mpaka salio linakwisha. Kwenye karatasi angalau kila mtu anamaliza sentensi yake.

Sasa habari yenyewe. Gereji imefungwa. Tajiri alifariki, wanawe wakauza kiwanja, na sisi mafundi rangi tukaambiwa ahsanteni. Usishtuke, ni tangu mwaka jana. Sikutaka kukupa mawazo. Nilirudi nyumbani na kompresa yangu na ile bunduki ya kupulizia rangi ya unga. Hii si rangi ya maji wala ya mafuta. Ni unga mkavu, laini kama wa ngano. Unaupulizia, unanata, halafu unauoka mpaka unayeyuka na kuwa ngozi ya kitu chenyewe. Nilizoea kupaka rimu za magari na mageti. Sasa napaka chupa.

Usicheke. Chuma ni mtu wa watu, ukikitia umeme kidogo kinauvuta unga chenyewe. Kioo hakivuti kitu, kina kiburi. Inabidi kwanza uipashe chupa moto kwenye oveni, uitoe kwa koleo, uipulizie ikiwa bado ya moto, kisha uirudishe ndani ioke. Oveni niliipata kwa mwoka mikate aliyefilisika. Kazi ngumu si kuoka, ni kusubiri. Ukifungua mlango kwa pupa, baridi inaingia, chupa inalia "tii" na ufa unapanda kutoka kitako mpaka shingo. Nimevunja chupa za kutosha kujaza kaburi.

Karakana ni chumba cha mama. Najua hutapenda, lakini ndicho chenye dirisha kubwa, na moshi wa rangi hii unataka pa kutokea.

Nakutumia moja, ya bluu. Weka ua.

Kaka yako


2 Februari

Kaka,

Shikamoo. Tumshukuru Mungu sote wazima. Mtoto ameota meno mawili na sasa anauma kila kitu, hata sikio la baba yake. Shemeji yako yuko safarini kikazi, anasalimu. Pole sana kwa habari za gereji. Ungeniambia.

Umeandika "sisi huku hatujambo". Sisi akina nani? Umeoa kimyakimya?

Kaka, nitasema na usinikasirikie. Chumba cha mama sitakisema. Lakini hizo chupa unazitoa wapi? Unazunguka nyuma ya mabaa na gunia? Watu wanakuona? Wewe ni mwanamume, labda umesahau, mimi sijasahau. Sisi ndio tulioitwa Watoto wa Chupa. Mimi ndiye niliyekuwa nimesimama mbele ya shule nzima nikingoja zawadi yangu siku ile baba alipoingia amelewa, akaikumbatia meza ya zawadi akaanguka nayo. Nilikuwa nimeapa kutomtaja tena, na sasa umenifanya nimtaje. Mama alipozikwa akaondoka zake, akatuachia hilo jina.

Basi tuyaache. Chupa yenyewe ni nzuri, siwezi kukunyima haki yako. Niliiweka mezani, na mama mkwe alipokuja akaishika, akaizungusha, akaipeleka dirishani. Unajua alikuwa mwalimu mkuu, hasifu kitu ovyo. Anastaafu mwezi ujao na atafanya chakula cha mchana nyumbani kwake kuwaaga walimu wenzake. Anataka chupa kama hiyo kwenye kila meza, nyeupe na za bluu. Akaniuliza nimeitoa wapi. Nilimwambia kuna fundi.

Utaweza? Zitume kwa basi, nitazipokea.

Mdogo wako


19 Februari

Chiriku,

Marahaba, na hongera kwa hayo meno. Akikuuma ujue amekupenda.

Sijaoa. Nani atamtaka mwanamume mwenye masikio ya bluu? Barakoa inaziba pua na mdomo, masikio yanabaki yanapigwa rangi. Kuna mzee mmoja ananisaidia kuosha chupa na kubandua lebo, anakaa hapa. Ni mtu mpole. Basi, hakuna zaidi.

Kuhusu gunia: ndiyo, nazunguka. Watu wananiona. Wa kwanza kucheka alikuwa muuza baa mwenyewe, na sasa ananiwekea zile zenye shingo ndefu.

Kazi ya mkwe wako nimeipokea kwa mikono miwili. Ila kwa basi sizitumi ng'o. Najua jinsi makondakta wanavyorusha mizigo. Nitazileta mwenyewe. Na Chiriku, tuseme ukweli, ni aibu mimi kuwa sijawaona wakwe zako hadi leo. Siku ya ndoa yenu nilikuwa nimelazwa na mguu umening'inizwa kama kuku wa sokoni, na baada ya hapo ikawa kesho, kesho. Sasa nitakuja, nitasalimia, nitabebeshwa mtoto, nitarudi.

Mama jirani ananishonea kitu. Amekataa kusema ni nini, lakini amenipima mabega.

Kaka yako


27 Machi

Kaka,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama na barabara haikuwa mbaya. Huku jua limekuwa kali, maua ya mama mkwe yamenyauka yote. Mtoto alipata homa kidogo ya meno, sasa yuko sawa. Dukani tumehamishiwa kaunta ya nyuma na feni haifiki.

Chupa zilipendwa sana. Mwalimu mmoja alitaka kuondoka na ya meza yao akazuiwa mlangoni. Mama mkwe amezipanga zilizobaki kwenye kabati la vyombo vya wageni.

Samahani kwa siku ile, kulikuwa na pilikapilika nyingi, hata hatukupata nafasi ya kuzungumza vizuri. Nilipopata pumzi ulikuwa umeshaondoka.

Msalimie mama jirani. Na yule mzee wako wa kuosha chupa, hakikisha unajua katoka wapi. Siku hizi si vizuri kulaza mtu usiyemjua ndani ya nyumba.

Mdogo wako


5 Mei

Kwa Mteja wetu,

Salamu. Karakana inakushukuru kwa oda yako.

Tunapenda kukukumbusha kwamba chupa zilizopakwa rangi ya unga zifutwe kwa kitambaa laini chenye maji ya sabuni, zisisuguliwe kwa waya wa kusugulia sufuria. Zisimwagiwe maji ya moto zikiwa baridi. Ni za mapambo, zisiwekewe chakula wala kinywaji. Zikianguka zitavunjika kama chupa nyingine yoyote, rangi haizikingi.

Ukiwa na lalamiko lolote, uliza fundi.

Fundi


14 Mei

Kaka, kaka yangu,

Shikamoo mara mia.

Nimeisoma barua yako nimesimama kwenye kaunta, wateja wamepanga foleni, nikaingia stoo nikakaa juu ya maboksi ya dawa. Mwenzangu akadhani nimefiwa.

Ungenitukana. Ungeniita jina lolote ungetaka. Hilo "Mteja" limeniingia mfupani.

Nitaandika ilivyokuwa, maana katika ile barua ya Machi niliruka kama mtu anayeruka dimbwi. Uliingia getini na kreti mbili, mchukuzi akikufuata na mkokoteni. Mama mkwe alikuwa kibarazani na walimu wenzake, wameketi wote wanatazama. Akasema kwa ile sauti yake ya darasani, "Na huyu ni nani?" Mimi nilikuwa karibu yako kuliko yeye. Niliona masikio yako, bado yana bluu kwa nyuma. Niliona mkono wako umeshaanza kunyooka kumsalimia. Nikasema, "Huyu ni fundi tu, mama. Kaleta chupa."

Ukanitazama. Halafu ukasema, "Ndiyo mama, mimi fundi. Niziweke wapi?"

Kaka, ningelia ungenisaidia. Lakini sikulia, nilikuonyesha mahali pa kuweka. Nilikuita "fundi" mara nyingine baada ya hapo, nadhani mara mbili. Na ulipoletewa chakula nyuma ya jikoni, kwenye ngazi, mimi ndiye niliyemwambia msichana wa kazi akupelekee kule. Nilikuona kupitia dirishani. Ulikula haraka, ukaosha sahani mwenyewe kwenye bomba la nje.

Huko nyuma niliwaambia ukweni kwamba kaka yangu ni msimamizi kwenye kiwanda cha vioo. Sikuwa nimejipanga siku ile, neno lilitoka tu. Lakini lilitoka kwangu.

Nijibu. Hata mstari mmoja.

Mdogo wako


20 Juni

Kaka,

Shikamoo. Mwezi umepita na hujajibu. Una haki. Mtoto sasa anasimama kwa kushika viti. Shemeji yako amerudi.

Nakuandikia kukupa habari, hata kama hutaki kuzisikia. Mama mkwe alikuja Jumapili akasema rafiki yake anataka chupa za kijani, nimpe anwani ya yule fundi. Nilikuwa namenya viazi. Nikaweka kisu chini.

Nikamwambia, "Mama, yule fundi ni kaka yangu."

"Kaka wa ukoo?"

"Tumbo moja, mama. Sina mwingine."

Maji ya viazi yalikuwa yameanza kuchemka. Nilitegemea aseme juu ya kiwanda cha vioo, aniite mwongo, nilikuwa tayari. Yeye akauliza, "Siku ile tulimlisha wapi?"

"Kwenye ngazi ya jikoni."

"Sahani gani?"

"Ya plastiki, mama."

Akakaa. Sijawahi kumwona mama yule akikaa bila kuvuta kiti vizuri kwanza. Akasema, "Shemeji wa mwanangu kaja kwangu kwa mara ya kwanza, nimemlisha nje kama mpita njia, na mimi nimeketi kibarazani nacheka na wageni. Wewe umeona aibu yako ukaificha nyuma ya mgongo wangu. Umenifanya mtu mbaya nami sijui."

Shemeji yako alikuwa mlangoni, amesikia yote. Amechukua mtoto akatoka nje.

Mama mkwe amesema anakuja kukuomba radhi mwenyewe, na mimi nitamsindikiza. Nilimwambia tukuandikie kwanza, tungoje jibu. Akasema radhi haiombewi ruhusa. Tunakuja Jumamosi ya kwanza ya Julai. Kama hutaki kuniona mimi, mwone yeye.

Mdogo wako


29 Juni

Chiriku,

Marahaba.

Nilikuwa nimeapa kutokuandikia mpaka mwaka uishe, lakini sasa mnakuja na sina budi.

Nitasema langu kwanza. Kile alichonishonea mama jirani kilikuwa koti. La kijivu, lenye bitana. Akanifundisha na maneno ya kusema kwa wakwe, nikayafanyia mazoezi mbele ya oveni: "Mimi ndiye kaka yake mkubwa. Mniwie radhi kwa kuchelewa kuja kuwashukuru, mmemtunza vizuri." Njia nzima ndani ya basi nilikuwa nayarudia. Uliposema "fundi tu" nilikuwa nimelivaa koti. Hukuliona. Nililivua nikalikunja ndani kwa nje, nikalitia kwenye kreti tupu, nikabeba chupa nikiwa na shati tu. Mama jirani aliponiuliza lilipendwa vipi, nilimwambia lilipendwa sana.

Nilitaka kukuchukia, Chiriku, na nilikuwa naendelea vizuri. Kilichonivuruga ni wewe mwenyewe, ule mstari wako wa mwisho wa Machi, "mzee wako wa kuosha chupa".

Huyo mzee ni baba.

Alikuja mwaka jana, siku chache baada ya gereji kufungwa. Nilimkuta amekaa kwenye ndoo nje ya mlango, amevaa shati safi, amekuwa mdogo kama nguo iliyofuliwa kwa maji ya moto. Alikuwa ametoka hospitali. Akasema hanywi tena, na kwamba sina haja ya kumwamini. Sikumwamini. Nilimpa kazi ya kuosha chupa kwa makusudi, kwa ubaya kabisa: nilitaka azinuse. Siku moja nikaacha kwa kusudi chupa yenye kinywaji kimebaki robo, nikasimama nyuma ya mlango. Aliishika muda mrefu. Akaimwaga. Halafu akasema, bila kugeuka, "Mwanangu, usinijaribu tena. Siku nyingine utanikuta nimeshindwa."

Sijawahi kuona aibu kama ile, hata kwenye ngazi za mama mkwe wako.

Wewe ulimwambia mkwe kwamba mimi ni fundi tu. Mimi nilikuandikia wewe kwamba baba ni mzee mmoja wa kuosha chupa. Sasa nikulaumu kwa mdomo upi?

Sasa unajua. Kama huwezi kumwona, ahirisha safari, mwambie mkwe nina homa. Kama unakuja, jiandae. Mimi sitamficha tena, nimechoka. Naiwahisha barua hii posta leo hii.

Kaka yako


9 Julai

Kaka,

Shikamoo.

Barua yako ya tarehe ishirini na tisa nimeikuta chini ya mlango tuliporudi kutoka kwako. Niliisoma nikiwa sijavua viatu.

Kwa hiyo ujue nilifika hapo sijui kitu.

Wewe ulikuwa umeingia ndani kutafuta viti. Hukuona yaliyotokea uani, na mezani hakuna aliyesema, kwa hiyo nakuandikia. Mama mkwe alikuwa anatazama chupa zilizoning'inizwa kwa waya, kama nguo zilizoanikwa. Mimi nilikuwa nimesimama natazama dirisha la chumba cha mama. Nikasikia sauti kutoka kwenye beseni: "Karibuni. Amekwenda kuleta viti."

Niliijua kabla sijageuka. Mwili uliijua. Nilitaka kukimbia kama siku ile ya zawadi.

Aliinuka kwa shida, maji yanamtiririka mpaka viwiko. Mikono imechubuka yote, kaka, kwa ile soda kali ya kutolea gundi ya lebo. Hakunisogelea. Alimtazama mama mkwe, akasema, "Mimi ni baba yao."

Sasa hapa ndipo panaponiua, na ndilo nililokuficha hata wewe. Mimi ukweni nilisema baba amekufa. Nilisema kabla hata sijaolewa, siku ya kwanza nilipoulizwa. Mama mkwe kila mwaka huniuliza kama tutafanya kumbukumbu yake.

Alinitazama. Mara moja tu, kama anavyomtazama mtoto aliyekamatwa na karatasi ya mtihani. Halafu akaenda akaushika ule mkono wenye maji kwa mikono yake yote miwili, akasema, "Mzazi mwenzangu. Nimesikia habari zako."

Baba akasema, "Natumaini ni njema."

Akajibu, "Zilikuwa za kusikitisha kidogo. Naona zilitiwa chumvi."

Hapo ukatoka na viti. Mama mkwe akakuomba radhi, ukamwambia hakuna neno, mkaanza kuzungumza rangi ya kijani. Ulidhani nimenuna kwa sababu yako. Sikununa. Sikuwa na uso. Baba alinitengea kiti kivulini, akaenda kukaa mbali, ili nisihangaike. Nilikunywa chai yake nikaondoka bila kumwamkia. Mwanamke mzima, mama wa mtu, nimeshindwa kumwambia mzee shikamoo.

Ndani ya basi nilikaa kando ya mama mkwe kama mzigo wa mtu mwingine. Tulipokaribia nyumbani akageuka akaniuliza, "Niambie tu nijiandae. Una marehemu wengine walio hai, au ndio wamekwisha?"

"Wamekwisha, mama."

"Haya."

Shemeji yako nimemweleza mwenyewe. Analala chumba cha mtoto. Anazungumza nami juu ya chumvi na juu ya kodi ya maji, zaidi ya hapo hazungumzi.

Mdogo wako


25 Julai

Chiriku,

Marahaba, na pole. Shemeji atarudi kitandani; kitanda cha mtoto kinaumiza mgongo.

Kwanza habari. Tumefungiwa umeme siku mbili na kundi zima la chupa za kijani limeharibika ndani ya oveni, rangi imefanya maganda kama ngozi ya mgonjwa. Nitazikwangua nianze upya. Mkwe wako ametuma bahasha kwa basi. Ndani kulikuwa na glavu nene za mpira, na kikaratasi: "Kwa mzazi mwenzangu, kwa ajili ya mikono." Baba amezivaa siku nzima, hata wakati wa kula.

Sasa kuna jambo nawajibika kukwambia. Barua zako humsomea. Zote, tangu aje. Macho yake hayasomi tena, na jioni hana kingine anachongoja. Aliisikia ya Februari, ile ya meza ya zawadi. Alisikia uliponiambia nisilaze mtu nisiyemjua. Hii ya mwisho nilipofika pale pa "baba amekufa" nikanyamaza. Nilijifanya mwandiko umenishinda.

Akasema, "Endelea. Nimeshafika hapo muda mrefu kabla yako."

Nikamalizia. Akaendelea kukunja lebo zake. Ningemtetea nani kwa nani? Mwishoni akaniuliza jambo moja tu. Nikamwambia siwezi kulijibu, sikuwepo. Akasema, "Basi muulize yeye, ukimwandikia. Muulize mimi niliugua nini."

Hakuuliza kwa hasira. Ningejua. Aliuliza kama mtu anayeulizia habari za jamaa aliyekuwa akiishi mbali.

Nimekuuliza. Jibu au usijibu.

Kaka yako


8 Agosti

Kaka, hii si yako. Msomee, tafadhali, na usiruke mahali.

Baba,

Shikamoo.

Natumaini mikono inaendelea vizuri. Mjukuu wako ametembea hatua zake za kwanza juzi, kutoka kwa baba yake kuja kwangu, na kwa sababu hiyo ilibidi mimi na baba yake tuketi chumba kimoja.

Umeuliza uliugua nini. Hukuugua, baba. Nilimwambia mama mkwe kwamba ulikwenda usingizini, alfajiri, kitandani kwako, juu ya shuka safi. Nilimwambia jioni yake ulikula nasi mezani, mama akiwa bado hai, ukatutania wote, ukanishika kichwa ukaniita mwanafunzi wako. Kwamba kaka ndiye aliyekuja kukuamsha akakuta uso umetulia. Mama mkwe alilia. Akasema laiti angekufahamu.

Ningeweza kusema amekufa, nikanyamaza. Watu hawaulizi zaidi ya hapo. Nimefikiri wiki hizi zote, nikipanga dawa, nikiosha vyombo, na bado sijui kwa nini nilikutandikia shuka safi.

Sijakusamehe kila kitu. Nakwambia mapema, usije ukafurahi nusu halafu ukaumia. Kuna siku nitakuja na kinyongo na kuna siku nitakuja bila hicho, na sitajua mimi mwenyewe mpaka nifike. Wewe uliangusha meza mara moja. Mimi nimekuzika miaka yote hii, na nilikuwa nikihesabu kwamba ni wewe unayedaiwa radhi peke yako.

Jumamosi ijayo nakuja na mtoto, tutalala. Mwambie kaka abaki na oveni yake, asije kunipokea kituoni. Njoo wewe. Mtoto ni mzito na nitakuwa na mizigo.

Binti yako